Lugha na Sindano: Historia ya Wageni Waliosomea Utabibu wa Kichina

1. Utangulizi

Mwanafunzi anayekwenda Uchina kusomea utabibu wa kale wa nchi ile, yaani tiba ya sindano, ukandaji wa mwili na dawa za mitishamba, hujikuta ana masomo mawili badala ya moja. Ni lazima ajifunze utabibu. Na kabla ya utabibu, ni lazima ajifunze Kichina. Wengi huihesabu lugha kuwa kama kiingilio: ni mwaka mmoja wa taabu unaolipwa mlangoni, kisha elimu yenyewe ndipo inapoanza. Wengine huuliza kama kiingilio hicho ni cha lazima, maadamu vitabu vya tiba hiyo vinapatikana leo kwa Kifaransa na kwa Kiingereza.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia haiungi mkono hesabu hiyo. Tutafuata safari za wageni walioutafuta utabibu wa Wachina, tangu Wajapani wa karne ya 7 hadi Waafrika wa siku zetu, na kila mara tutauliza swali moja: mgeni alirudi na nini alipoijua lugha, na alirudi na nini alipoikosa? Mwishoni tutasema neno juu ya Kiswahili, kwa kuwa swali hilo litamfuata mwanafunzi wetu hadi nyumbani.

2. Wajapani: kusafiri kwa macho

Safari za kwanza zilizoandikwa vizuri ni za Wajapani. Kitabu cha historia kiitwacho Nihon Shoki, kilichokamilishwa mwaka 720, kinaeleza kwamba mwaka 623 mtu mmoja aitwaye Enichi alirudi kutoka Uchina pamoja na wenzake baada ya kusomea utabibu huko. Enichi hakuleta dawa tu. Yeye na wenzake waliishauri serikali yao iendeleze uhusiano na dola ya Tang, wakiisifu kuwa ni nchi yenye sheria zilizotengenezwa. Ushauri wa namna hiyo ulizaa matunda: sheria za Taihō za mwaka 701 zilianzisha ofisi ya tiba yenye walimu na wanafunzi, kwa mfano wa ile ya Wachina, na miongoni mwao walikuwamo wanafunzi wa sindano.

Wajapani hawa walikuwa na bahati moja kubwa. Waliazima maandishi ya Kichina yalivyo, hata msomi wa Japani aliweza kusoma kitabu cha Kichina bila ya kuweza kuzungumza na Mchina sokoni. Matokeo yake yanaonekana katika kazi ya Tamba no Yasuyori, tabibu aliyekamilisha mwaka 984 kitabu kiitwacho Ishinpō, chenye mabuku 30. Wakati huo balozi rasmi za Wajapani kwenda Uchina zilikuwa zimesimama tangu mwaka 894. Hata hivyo Tamba alikusanya mafungu mengi kutoka vitabu vya Kichina na kuyaandika kwa Kichina. Baadhi ya vitabu hivyo vilipotea baadaye nchini mwao, na wataalamu wa leo wanavijua kwa sababu Mjapani aliwahi kuvinukuu.

Funzo la kwanza ni hili: kuna kusafiri kwa miguu na kuna kusafiri kwa macho. Aliyeijua lugha aliweza kuifikia elimu bila ya kupanda jahazi, na akawahifadhia wenyeji kile ambacho wao wenyewe walikipoteza. Wazungu waliofuata walikuwa kinyume chake: walivuka bahari, lakini mlango wa maandishi ulikuwa umefungwa mbele yao.

3. Wazungu: neno lililopita mikono mingi

Willem ten Rhijne alikuwa daktari wa Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya Indi. Kuanzia mwaka 1674 hadi 1676 alikaa Deshima, kisiwa kidogo kilichomo katika bandari ya Nagasaki, mahali pekee ambapo Wazungu waliruhusiwa kuishi Japani. Huko alipata michoro ya Kichina inayoonyesha mwili wa mtu pamoja na mistari na vitone vya kuchomea sindano, akatamani kuifahamu. Njia aliyoifuata inastahili kuangaliwa. Tabibu mmoja wa Kijapani aliyejua Kichina alifasiri maandishi kwa Kijapani. Mkalimani wa bandarini akayatia katika Kiholanzi chake kilicho kibovu. Kisha ten Rhijne akayaandika kwa Kilatini. Ni lugha nne, na katika kila kivuko kitu kilianguka majini.

Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1683, na ndicho kilichoipa Ulaya neno akupunktura, lililoundwa kwa maneno mawili ya Kilatini: sindano na kuchoma. Lakini Wachina husema zhenjiu. Zhen ni sindano; jiu ni kuchoma kwa moto, yaani kuunguza majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga juu au karibu na ngozi. Kwa Mchina, mambo haya mawili ni tiba moja yenye jina moja. Wazungu waliipokea ile ya moto kama tiba ya kando, wakaiita moksa kwa neno walilolipata Japani. Hivyo neno moja likapasuliwa vipande viwili. Hata leo, anayesema akupunktura anataja sindano na kuusahau moto.

Zaidi ya miaka 200 baadaye alitokea Mfaransa ambaye lugha aliijua. George Soulié de Morant, aliyezaliwa mwaka 1878 na kufariki mwaka 1955, alijifunza Kichina tangu ujana, akaenda Uchina mwanzoni mwa karne ya 20 na kufanya kazi katika ubalozi mdogo wa nchi yake. Kuanzia mwaka 1929 aliitangaza tiba ya sindano kwa madaktari wa Ufaransa, na mwaka 1939 alianza kuchapisha kitabu chake kikubwa juu ya tiba hiyo. Kutokana na kazi yake, Ufaransa ikawa kituo kikuu cha tiba ya sindano katika Ulaya. Jambo hilo linatuhusu, kwa kuwa msomaji wa Kongo husomea utabibu kwa Kifaransa, na maneno anayoyakuta humo mengi yamepita mikononi mwa Soulié de Morant.

Ni maneno gani hayo? Neno qi alilifasiri kwa neno la Kifaransa lenye maana ya nishati, na njia ambazo qi hupita akaziita meridiani. Wasomi wa baadaye, akiwamo Mjerumani Paul Unschuld aliyetumia maisha yake kufasiri vitabu vya kale vya tiba ya Kichina, wameyalaumu maneno hayo. Herufi ya qi, jinsi inavyoandikwa kwa mtindo wa zamani, ina ndani yake mvuke na mchele: ni kitu kinachopanda kama moshi wa chungu, si nguvu ya umeme inayopita wayani. Na njia zile huitwa jing, neno ambalo asili yake ni nyuzi za mtande katika kitambaa, zile zinazotangulia kutandazwa ili mshindio upate pa kupita. Herufi hiyo hiyo ndiyo jina la kitabu kitukufu cha kale, kama kwamba maandiko nayo ni mtande wa jamii. Ni kweli kwamba Wachina wa baadaye waliitumia herufi hiyo kwa mistari ya ramani pia, kwa hiyo mfasiri hakukosa sababu. Lakini msomaji wa Kifaransa anaona ramani peke yake. Yule asomaye Kichina anaona kitambaa, kitabu na ramani kwa pamoja.

Funzo la pili, basi, ni kwamba hata anayeijua lugha huchagua, na uchaguzi wake huwafunga wale wasioijua.

4. Chuo cha kisasa na tabaka mbili za Kichina

Si vyema kudhani kwamba utabibu huu ulibaki vile vile tangu kale. Mwaka 1929 palitolewa pendekezo mbele ya serikali ya Uchina la kuukomesha, na matabibu walikusanyika Shanghai kulipinga. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1949 serikali mpya iliamua kuulea na kuupanga. Mwaka 1956 vilianzishwa vyuo vinne vya utabibu wa Kichina: Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu. Elimu iliyokuwa ikitoka kwa baba kwenda kwa mwana, au kwa mwalimu kwenda kwa mwanafunzi mmoja mmoja, ikatiwa katika vitabu vya kufundishia, mitihani na shahada.

Wageni nao walipangiwa njia mbili. Njia fupi ilifunguliwa mwaka 1975, pale Uchina ilipoanzisha vituo vya kimataifa vya kufundishia tiba ya sindano katika Beijing, Shanghai na Nanjing kwa ushirikiano na Shirika la Afya Ulimwenguni. Madaktari wa nchi nyingi walikaa hapo miezi michache wakifundishwa kwa msaada wa wakalimani. Njia ndefu ni ile ya kujifunza Kichina kwanza, kisha kuingia darasani pamoja na Wachina kwa miaka mitano. Chuo cha Lugha cha Beijing, kilichokua kutoka shule ya maandalizi ya mwaka 1962, kiliwalea wengi wa wanafunzi hao. Na mwaka 1990 ulianza rasmi mtihani wa taifa wa kupima Kichina cha wageni, uitwao HSK.

Anayefuata njia ndefu hugundua kwamba Kichina chenyewe kina tabaka mbili. Kile alichokisoma mwaka wa kwanza ni lugha ya magazeti na ya mitaani. Vitabu vya msingi vya utabibu vimeandikwa kwa lugha ya kale, ambayo hata kijana wa Kichina huisoma kwa shida. Ndiyo maana vyuo vya utabibu vina somo maalumu la Kichina cha kale cha kitabibu. Mfano mmoja watosha. Kitabu cha Zhang Zhongjing, kilichotungwa mwanzoni mwa karne ya 3, kinahusu shanghan. Katika hospitali ya leo neno shanghan ni homa ya matumbo. Katika kitabu kile ni madhara ya baridi, yaani kundi kubwa la magonjwa yanayodhaniwa kuingia mwilini kutokana na ubaridi. Mwanafunzi mwenye Kichina cha sokoni peke yake atasoma kitabu kizima juu ya ugonjwa mmoja ambao mtungaji hakuutaja.

Mtaalamu wa anthropolojia Elisabeth Hsu alisoma katika chuo cha Kunming mwaka 1988 na 1989, na mwaka 1999 alichapisha kitabu juu ya namna elimu hii inavyorithishwa. Aliona njia tatu zikiishi bega kwa bega: elimu ya siri, ambayo mwenyewe hulinda maneno yake, elimu ya mtu na mwalimu wake, wanaosoma maandiko ya kale pamoja, na elimu ya darasani, yenye maana moja kwa kila neno. Maneno ni yale yale, lakini hayafanyi kazi moja. Mgeni asiyejua lugha hupata ile ya tatu tu, kwa sababu ndiyo pekee iliyotayarishwa kufasiriwa.

5. Waafrika: taabu ya lugha na daktari aliyekuja kwetu

Kundi la kwanza kubwa la wanafunzi wa Afrika liliingia Uchina mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mmoja wao, Emmanuel Hevi wa Ghana, alikwenda kusomea udaktari, akaondoka kabla ya kuhitimu, na mwaka 1963 akachapisha kitabu juu ya yaliyomkuta. Kwa hesabu yake, wanafunzi 118 wa Afrika walikuwako Uchina mwaka 1961 na 1962, wakiwamo Wazanzibari. Na 96 kati yao walikwisha kuondoka au walikuwa wakijitayarisha kuondoka kufikia Aprili 1962. Malalamiko yao yalikuwa mengi: upweke, ubaguzi, siasa za kulazimishwa, hali ngumu ya maisha katika miaka ya njaa. Ugumu wa kusomeshwa kwa Kichina ulikuwa mmoja wapo. Tusiisahau habari hii tunapowasifia vijana safari hiyo leo. Mwaka wa lugha ni mwaka wa kuwa mtoto tena kati ya watu wazima, na asiyepata mkono wa kumshika huanguka.

Wakati huo huo utabibu wa Kichina ulianza kuja wenyewe. Kikosi cha kwanza cha madaktari wa Kichina kilipelekwa Algeria mwaka 1963, na kabla ya miaka ya 1960 kwisha vingine vilifika Zanzibar na Tanzania bara. Nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, ilipokea kikosi chake mwaka 1973. Vikosi hivyo vilitibu kwa dawa za kizungu na kwa sindano za Kichina, na kati ya daktari na mgonjwa mara nyingi palisimama mkalimani. Tulipewa tiba, elimu ya tiba ilibaki katika lugha tusiyoijua. Jitihada za kuunganisha mambo hayo mawili zimechelewa kuja: mwaka 2019, kwa mfano, Chuo Kikuu cha Western Cape nchini Afrika Kusini kilifungua Taasisi ya Confucius inayofundisha Kichina pamoja na utabibu wa Kichina chini ya paa moja.

6. Kitabu cha kale na malaria

Msomaji anaweza kuuliza: je, yote haya si mabishano ya wanalugha? Jibu limo katika damu ya watoto wetu. Mwaka 1967 serikali ya Uchina ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria. Mwaka 1969 aliingizwa humo Tu Youyou, mwanamke aliyesomea ufamasia wa kisasa, kisha akasomeshwa utabibu wa Kichina kwa miaka miwili na nusu, kati ya 1959 na 1962. Yeye na wenzake walipekua vitabu vya kale na kukusanya mapishi ya dawa zaidi ya 2000. Mmea uitwao qinghao ulionyesha dalili njema, kisha matokeo yake yakapungua. Tu akavirudia vitabu. Katika mkusanyo wa tiba za dharura ulioandikwa na Ge Hong katika karne ya 4, alikuta maagizo mafupi ya kuuloweka mmea katika maji, kuukamua na kunywa maji yake. Hayakutaja kuchemsha. Hapo alishuku kwamba moto ndio unaoiharibu dawa, akaitoa kwa etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo. Mwezi wa Oktoba 1971 dondoo lake liliwaua vimelea vyote katika panya wa majaribio, na mwaka 1972 wenzake waliipata artemisinini safi. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo kwa idadi ya wagonjwa wa malaria ni ya pili duniani baada ya Nijeria, ilizipitisha mwaka 2005 dawa za mchanganyiko zenye asili ya artemisinini. Kila anayezimeza ana deni kwa mtu aliyejua kusoma sentensi moja ya kale na kusikia kile ambacho haikusema. Lakini tuongeze jambo ambalo wapenzi wa mitishamba hulisahau: kusoma kulileta dhana, na dhana ilithibitishwa maabarani. Shirika la Afya Ulimwenguni halipendekezi chai ya majani ya mmea huo kama tiba ya malaria. Anayelisifu andiko la kale bila ya kulipima hamfuati Tu Youyou.

7. Kiswahili mbele ya Kichina

Tumfuate sasa mwanafunzi wetu anaporudi. Kichwani ana Kichina, mkononi ana shahada, na mbele yake ameketi mama mzee anayelalamikia magoti. Ugonjwa huo Wachina huuita bi: maumivu ya viungo yanayotokana na kuzibwa kwa njia za mwili. Ulimi wake utakwenda moja kwa moja kwenye neno letu, baridi yabisi. Kwa kulitaja goti hatakosea. Lakini neno letu nalo lina historia. Yabisi ni ukavu. Neno ni la Kiarabu, na nyuma yake umesimama utabibu wa Waarabu, waliorithi kwa Wayunani mizani ya joto na baridi, ukavu na unyevu. Wachina wanataja visababishi vitatu vya bi: upepo, baridi na unyevu. Pale wao waonapo maji, neno letu linaona ukavu. Mwanafunzi akifasiri bila ya kujua hayo, atampa mgonjwa dawa ya kukausha kwa ugonjwa ambao jina lake linasema tayari umekauka.

Mifano haiishi hapo. Upepo wa Kichina ni hewa inayopenya vinyweleoni. Upepo wetu una undugu na pepo, na mgonjwa anaweza kudhani anapaswa kuitiwa ngoma. Tiba ya sindano nayo: kwetu kuchomwa sindano ni kutiwa dawa, na mgonjwa atauliza ni dawa gani iliyokuwamo. Hata mwenye tiba hana jina. Pwani, daktari ni wa hospitali na mganga ni wa mitishamba. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, munganga ni huyo huyo wa hospitali. Wachina hawana mkanganyo huo, kwa sababu kwao wote wawili ni yi: mmoja ni yi wa Kichina, mwingine ni yi wa magharibi.

Hatusemi kwamba Kiswahili hakitoshi. Twasema kwamba kina tiba yake ndani yake. Maneno kama baridi yabisi na safura, ambalo asili yake ni nyongo ya manjano ya matabibu wa Kiarabu, yanashuhudia kwamba lugha hii iliwahi kupokea utabibu wa kigeni na kuufanya wake. Wakati mwingine kinampita hata mfasiri wa Ulaya. Wuxing, ambayo wengi waliifasiri kama elementi tano, kwa Kichina ina neno xing, yaani kwenda. Kiswahili kinaweza kusema mienendo mitano, na kikawa karibu zaidi na asili.

8. Hitimisho

Enichi alirudi na maandishi, na Japani ikajenga juu yake. Ten Rhijne alirudi na neno lililopunguzwa nusu. Soulié de Morant alirudi na lugha, akawaachia wengine maneno ambayo bado yanabishaniwa. Hevi alirudi kabla ya wakati. Tu Youyou hakwenda ng'ambo. Alisafiri miaka 1600 ndani ya lugha yake, akarudi na dawa.

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa habari hii tungependa kuugeuza msemo: mwenyeji naye aende, arudi, apate kumponya jirani yake. Ili hilo liwezekane, vyuo vyetu vingefanya vyema kumtaka kila anayekwenda kusomea utabibu wa Kichina arudi na vitu viwili: shahada yake, na orodha ya maneno ya Kiswahili aliyoyapima, kila moja likiwa na maelezo ya linapokubaliana na la Kichina na linapotengana nalo. Idara za lugha na vitivo vya tiba, ambazo leo hazijuani, zingekuwa na kazi ya kufanya pamoja. Na waganga wetu wenyewe, ambao elimu yao inazeeka pamoja nao bila ya kuandikwa, wangeulizwa kwa lugha yao maneno yao yana maana gani, kabla hatujafika siku ya kuyatafuta katika vitabu vya watu wengine.